Mnunuzi Asiyejulikana

Walikutana kwenye foleni ya kukodi mashine katika kampuni kubwa ya kompyuta, siku ambayo kiyoyozi kilikuwa kibovu na watu wanajipepea kwa chochote walichoshika. Mkutubi alikuwa amevaa gauni lake la bluu, lile la kuombea vitu vigumu. Halikumsaidia. Aliambiwa kwa tabasamu kwamba mashine zote zimeshachukuliwa na wateja wakubwa, ajaribu mwakani. Akageuka huku machozi yakimlengalenga.

"Pole, dada," alisema kijana aliyekuwa nyuma yake, mchora katuni mwenye shati la kijani lililopauka mabegani. "Ulitaka kuifundisha nini hiyo akili bandia?"

"Sauti ya mama yangu."

Upasuaji wa koo ulikuwa umeondoka na sauti ya mama. Zilibaki rekodi za simu, karibu zote zikianza na swali lilelile: "Umekula, mwanangu?" Mkutubi alitaka mashine ijifunze sauti hiyo, ili mama akiandika, isome kwa sauti yake mwenyewe. Mama alikuwa akiingoja siku hiyo kwa hamu.

"Kuna soko la wazi mtandaoni," alisema Mchoraji. "Mwenye mashine zilizolala anazikodisha, sisi tunapandiana bei. Majina yanafichwa ili mkubwa asipendelewe. Nipe namba yako nikuelekeze."

"Hilo ni soko, au ujanja wa kuomba namba?"

"Vyote viwili."

Basi wakapendana. Mchoraji alikuja nyumbani na matunda, mama akamwandikia kwenye simu yake: *Huyu shati lake moja tu?* Wakacheka hadi jirani akagonga ukuta. Kila Jumamosi Mkutubi alinunua saa chache za mashine, Mchoraji akimsaidia kuifundisha kwa zile rekodi, na sauti ikasogea kidogo kidogo. Ikabaki hatua ya mwisho, iliyohitaji saa nyingi kwa mpigo.

"Nitasubiri mwezi ujao," Mkutubi alimwambia Mchoraji kwa simu.

"Sawa, mpenzi. Usijali."

Lakini daktari wa mama alimvuta kando akamwambia asihesabu miezi. Mkutubi hakumwambia Mchoraji. Alijua angemwaga akiba yake yote, naye hakutaka kuwa mzigo. Jumamosi akaingia sokoni peke yake, amekaa kando ya kitanda cha mama. Kila alipopandisha bei, mnunuzi asiyejulikana alipanda juu yake. Akapandisha tena. Yule naye akapanda, bila huruma, mpaka Mkutubi akaishiwa.

"Mtu gani huyu mwenye roho mbaya!" alisema, akaitupa simu kitandani. Mama akamshika mkono. Aliandika: *Wiki ijayo.*

Alhamisi mama akafariki.

Jumamosi, siku iliyofuata mazishi, Mchoraji alikuja na shati jipya, jeupe, akasimama mlangoni kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Leo siku yako ya kuzaliwa," alisema polepole. "Nilikununulia zile saa. Wiki iliyopita. Nilitaka iwe zawadi, nikazitunza."

Mkutubi akamkumbuka yule mnunuzi asiyejulikana.

"Ni wewe uliyekuwa unanipandia?"

"Sikujua ni wewe! Uliniambia unasubiri mwezi ujao!"

"Ningezipata siku ile ile. Angeongea!" Akaushika mlango. "Nenda. Tafadhali, nenda tu."

Akaenda. Mkutubi alimchukia kwa wiki nzima, na alijichukia mwenyewe zaidi, kwa sababu neno lake moja lingetosha. Soko halikuwa limemkosea mtu. Wao wawili ndio walionyamaziana.

Kisha ukaja ujumbe: *Nimezitumia saa zako kumalizia kazi. Sauti iko tayari. Sikuiandikia neno lolote, si haki yangu.*

Aliufungua akiwa kwenye kitanda cha mama, kilichokwisha kutandikwa. Kwenye simu, kisanduku cheupe cha kuandikia maneno kilikuwa kinamngoja. Akaandika maneno mawili, akabonyeza.

"Umekula, mwanangu?"

Alilia mpaka mto ukalowa. Hakuwa amekula tangu asubuhi. Nje giza lilikuwa linaingia, na nyumba ilikuwa kubwa kupita kiasi. Akachukua simu, akapiga.

"Haloo?" Mchoraji alipokea kwa woga.

Mkutubi alimeza machozi.

"Umekula?"

Akamsikia akivuta pumzi, naye analia.

"Bado."

"Njoo."