Wimbo wa Mjomba Sirili

Mama alikataa mtori wa ndizi. Nilimsogezea kijiko, akafumba mdomo. Nikambembeleza weee, wapi! Akageukia ukutani.

Mama yangu, Elizabeth, ana ugonjwa wa kusahau. Nilimtoa kijijini Masama nikamleta hapa kwangu Rau, Moshi. Hanijui tena. Daktari aliniambia wazi: "Elisifa, mama asipokula, utampoteza." Jamani, nilichoka. Nilikata tamaa kabisa.

Kitu kimoja tu kilibaki kichwani mwake, kipande cha wimbo. Kila mchana aliuimba kwa kuguna. Akifika katikati, unampotea. Anaanza upya, unampotea tena. Halafu analia.

"Ni wimbo wa kanisani?" aliniuliza jirani yangu Nasrin. Yeye hutangaza kipindi cha nyimbo za zamani redioni.

"Nimempigia kwaya zote, hazitaki," nikamjibu. "Nadhani ni wa kaka yake, mjomba Sirili. Alipiga gitaa la dansi. Babu alikuwa mwinjilisti, akamfukuza nyumbani. Akakataza hata jina lake kutajwa. Mjomba akafia hukohuko alikokimbilia, nasi hatujui wimbo wake hata mmoja. Roho mbaya gani ile!"

"Bendi yake iliitwaje?"

"Njoro Jazz. Nimeitafuta kwenye simu mpaka macho yanauma. Hakuna kitu."

"Hapo ndipo wengi mnapokwama," Nasrin akasema. "Mnatafuta jina la bendi tu. Bendi zilikufa, nyingine zikabadili majina. Wanamuziki nao walihama, leo hapa, kesho kule. Wewe fuata watu. Mjomba alipiga na nani?"

Nikafikiri sana. "Zamani mama alimtaja Davis, mwimbaji wao."

"Basi tunaanza na Davis."

Nasrin akapekua santuri zake za zamani. Akampata Davis, lakini katika bendi ya Tanga. Nyuma ya jalada yaliandikwa majina ya wapigaji wote. Mpiga dramu aliitwa Jovin, na chini ya picha yake waliandika kwamba ni mtu wa Moshi.

"Unaona?" Nasrin akasema. "Mwimbaji akihama, mara nyingi huhama na mwenzake. Huenda huyu Jovin alikuwa Njoro Jazz pia."

Akauliza redioni kama kuna anayemjua Jovin. Msikilizaji mmoja akapiga simu. Jovin yuko hai, analima mpunga Chekereni.

Siku tuliyokwenda, mama alikuwa amekunywa maji tu. Nilimwacha na binti yangu Grace. Njia nzima niliogopa simu isije ikalia na habari mbaya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Nikamgunia kile kipande. Mzee Jovin akaweka jembe chini.

"Huo ni wa Sirili!" akasema. "Lakini mkitafuta Njoro Jazz, hamtaupata ng'o. Vyombo vilikuwa vya tajiri, naye alitukataza kurekodi. Tukaenda Nairobi kwa siri, mimi, Davis na Sirili. Tukajiita Vijana wa Mawenzi."

Nasrin akaandika jina hilo kwenye simu yake palepale. Wimbo ukatokea. Kumbe mtu mmoja anayekusanya santuri alikuwa ameuweka mtandaoni muda mrefu. Hakuna aliyejua ni wa kwetu.

Tukarudi mbio. Nikaweka simu karibu na sikio la mama. Gitaa likaanza. Mama akaguna nalo. Akafika katikati, pale anapopotea siku zote. Gitaa likaendelea, naye akaendelea nalo mpaka mwisho.

"Sirili kafika," akaninong'oneza. "Pakua mtori. Baba asijue."

Nikapakua mabakuli mawili. Moja nikaliweka kando, la mjomba. Mama akashika kijiko mwenyewe, akala. Nilishindwa kujizuia, nikalia mbele yake.

Akanitazama kwa huruma. "Pole, dada. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wako, mama."

Akacheka sana, cheko la msichana. "Wangu? Mimi sijazaa bado!"

Sikubishana naye. Kesho yake mchana niliupiga wimbo tena kabla ya chakula, na mama akala.