Midomo ya Mzee Ezekiel

Saa moja asubuhi, Jumanne moja ya Machi 1913, Mzee Ezekiel Tate, mwigizaji, alikutwa amekufa ndani ya stoo ya mavazi ya kampuni ya filamu, mjini Jacksonville, Florida. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Kiganjani alikuwa ameshika nywele chache nyeupe.

Cora Dabney, mkataji na muungaji wa mikanda ya filamu, aliziona kabla polisi hawajafika. Homa ilimziba masikio akiwa na miaka tisa. Tangu hapo alisoma midomo ya watu.

"Ni Rufus," alisema Dolan, mkuu wa polisi. "Jana waligombana."

"Waligombania kofia tu. Na hizi nywele?"

"Za marehemu mwenyewe."

"Mzee ana upara, afande, na ndevu hafugi. Zinuse, zina gundi."

Dolan alicheka. "Kiziwi naye mpelelezi!"

Rufus, mwigizaji kijana, akatiwa pingu. "Dada Cora, haki ya Mungu sijamgusa," alisema. "Waambie!"

Filamu yao ilihusu bwana wa watumwa aliyesutwa na dhamiri akawaacha huru. Ndevu za bandia alivaa mtu mmoja tu: Harlan Prewitt, tajiri aliyeigharimia filamu na kujipa nafasi ya bwana huyo. Cora akazungusha picha zilizopigwa jana yake saa tisa alasiri. Mzee Ezekiel, ambaye kweli alizaliwa mtumwa, alikuwa amepiga magoti mbele ya Prewitt kushukuru. Filamu haikuwa na sauti, hivyo mwigizaji alisema lolote lililomjia. Cora alitazama midomo yake mara tatu.

Saa kumi jioni alimkabili Prewitt ofisini, mkanda ule mkononi, Dolan akiwapo.

"Mzee hakukushukuru, Bwana Prewitt. Alisema, 'Harlan, nimekutambua. Wewe ndiye uliyemfungulia ndugu yangu Amos mbwa, wakamrarua.'"

"Nilikuwa na miaka kumi na sita," alisema Prewitt. " Jana jioni nilimfuata stoo nimsihi asilitaje tena jambo hilo. Akaninyofoa ndevu. Akasema, 'Sura utabandika, Harlan, roho je?' Akanipa kisogo, nami nikashika pasi ya chuma."

Cora akamgeukia Dolan. "Umesikia, afande?"

"Sijasikia kitu." Dolan akautupa mkanda ndani ya jiko la kuni. Ukalipuka mara moja.

Rufus alihukumiwa miaka ishirini. Serikali ikamkodisha, kama ilivyokodisha wafungwa wengine, akageme utomvu wa misonobari katika msitu wa Prewitt, mnyororo mguuni. Wiki hiyo hiyo filamu ikaonyeshwa, na watu wakamlilia yule bwana mwema mpaka leso zikalowa.