Kinini cha Nadège na Maziwa ya Mama Mkwe

Katika nyumba moja ya mtaa wa Mbunya, mjini Bunia, siku ilianza na maziwa. Mama Gertrude aliyachemsha, akajaza kikombe, akampa Nadège, mke wa mwanawe. Ukoo wao ni wafugaji. Kwao maziwa ya mama mkwe hayakataliwi. Kuyakataa ni kumdharau.

"Kunywa, mutoto wangu. Mwanamuke wa maziwa hakosake mimba," Gertrude alisema. Hakuondoka mpaka kikombe kilipokuwa kitupu.

Nadège alikunywa, lakini mimba hakupata. Moja iliwahi kuharibika, na baada yake hakuna nyingine iliyoingia. Mwezi wake ulikuja ukipenda. Alichoka bila kazi, akasikia baridi hata jua likiwaka. Mashangazi walianza kumshauri mumewe, Rodrigue, atafute mke mwingine. Nadège aliyasikia hayo dirishani, akaumia sana. Rodrigue alikasirika, akampakia mkewe kwenye pikipiki, wakaenda hospitali.

Damu ilipimwa. Daktari alieleza kwamba tezi ya shingoni, inayoitwa tiroidi, ilikuwa ikifanya kazi kidogo mno. Tezi hiyo ikilegea, mwili wote unalegea, na mimba inaweza kupata shida kuingia na kukaa. Akampa vinini, yaani vidonge, vya kunywa kila asubuhi kwa maji, kabla ya kula.

Kabla ya kula, sawa. Lakini kwa wafugaji maziwa si chakula, ni kinywaji. Basi Nadège akaona njia ya kuwapendeza wote wawili, daktari na mama mkwe: kinini mdomoni, maziwa juu yake. Hodari kweli! Alipopimwa tena, hali ilikuwa ileile. Alikata tamaa. Akaenda kwa jirani yake Honorine, muuguzi wa hospitali, akalia jikoni kwake.

"Kinini unakunywaka na nini?" Honorine aliuliza.

"Na maziwa ya mama mukwe."

"Kila siku?"

"Kila siku. Anasimama pale, ananiangalia."

Honorine alicheka kidogo. "Basi maziwa ndiyo inakunywa dawa, haiko weye. Inaishika mu tumbo, haiachi yote ipite mu damu. Chai na kahawa nayo inasumbua. Na vinini vya kuongeza damu, kama unavikunywaka."

"Sasa nifanye namna gani?"

"Ukiamuka, kunywa kinini na maji tupu, tumbo haina kitu. Ngoja saa moja mbele ya kula. Maziwa na vinini vya damu, acha mpaka midi, saa sita ya muchana. Usiongeze dawa, usipunguze, weye mwenyewe. Kisha wiki sita, rudi kupima."

"Na kama mimba inaingia?"

"Usiache dawa! Ukiona tu mwezi umepita, kuya hospitali palepale. Mara mingi daktari anaongeza dose ya kinini. Mwanzoni, mutoto anategemea tezi ya mama yake."

Ilibaki kazi ngumu: nani atamwambia Gertrude? Honorine alikwenda mwenyewe. Gertrude akanuna.

"Kumbe maziwa yangu imekuwa sumu?"

"Hapana, mama. Maziwa iko muzuri. Ni saa ndiyo iko mubaya. Mupe mangaribi, jua ikishuka."

"Siye tunatafuta mutoto," Gertrude alisema mwishowe. "Akunywe hata mangaribi."

Miezi ilipita. Nadège alipata nguvu, mwezi wake ukatulia, vipimo vikawa vizuri. Halafu mwezi mmoja haukuja.

"Nyamaza," Gertrude alimnong'oneza. "Mimba changa haisemekake."

Desturi ni desturi, na Nadège aliiheshimu. Lakini aliogopa kupoteza mtoto mwingine kuliko alivyoogopa maneno ya watu. Siku ileile alikwenda hospitali, akasema. Daktari alipima, akaongeza dawa, na aliendelea kumpima mpaka mimba ilipokomaa.

Siku ya kujifungua, Rodrigue alisimama nje ya mlango. Alisikia kilio kikubwa, kisha kikaendelea, kikaendelea. Honorine alipotoka, Rodrigue alimshika mkono.

"Mutoto iko na nini? Juu ya nini analia vile?"

"Ni musichana, iko muzima," Honorine alisema. "Alishanyamaza zamani. Ule analia ni mama yake."