Maziwa ya Eddo Fatumo

"Huyo! Huyo ana mbuzi!"

Khadijo alinyoosha kidole mbele ya askari, mbele ya kijiji kizima... na kidole kile kilimwelekea mke mwenzake.

Fatumo alikuwa amechuchumaa mlangoni pake. Hakukimbia. Alimtazama tu, kama mtu aliyepigwa kofi na mwanawe mwenyewe.

"Abaayo, dada yangu... umefanya nini?"

Jameni, tulieni hapo kwanza! Msikimbilie komenti kumtukana huyo Khadijo. Huyo ni ayeeyo wangu, nyanya mzaa mama. Yuko hai. Na hadi Ijumaa iliyopita hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kukitaja kidole kile.

Ijumaa nyumba yetu hapa Garissa ilikuwa imejaa hadi viatu vinapandana mlangoni. Mnatujua sisi. Sinia za wali na nyama ya mbuzi zinazunguka, kelele, umbea wa wiki nzima. Binamu yangu Rukiyo amekuja kutoka Nairobi, na sinia ikifika kwake anaisukuma!

"Mimi siku hizi sili nyama," anasema. "Wala maziwa. Wala chakula kilichopikwa."

Nyumba ikalipuka!

"Kwani umekuwa swara?"

"Mfungulieni geti aende malishoni!"

"Mwili unapata nguvu wapi, walahi?"

Rukiyo, naye hana aibu, akatoa chupa yenye kitu cheupe. "Hapa! Mbegu zimelowekwa, zikasagwa, zikachujwa. Maziwa ya ufuta."

Tukacheka hadi machozi. Halafu mmoja mmoja tukanyamaza... maana ayeeyo Khadijo alikuwa hacheki. Alikuwa analia. Mama yangu, Kaaha, aliyekaa kando yake, akaweka sahani chini.

"Mwacheni huyo msichana," ayeeyo akasema. "Kuna mtu nilimuua kwa sababu ya ufuta."

Haya. Sasa turudi 1967.

Vita vya shifta, wale waasi waliotaka kujitenga na Kenya, vilikuwa vinawaka bado. Watu wa huku walitolewa malishoni wakafungiwa kwenye vijiji vya uzio. Miba na waya pande zote, askari langoni. Khadijo na Fatumo waliletwa kutoka upande wa Sangailu hadi kijiji kimoja karibu na Mto Tana. Ng'ombe wao walichukuliwa wote. Mume wao, Guleid, akachukuliwa siku hiyo hiyo.

Ng'ombe hawakurudi. Guleid hakurudi.

Chakula kilikuwa mahindi makavu. Kuni? Kutoka nje ya uzio kutafuta kuni ilikuwa kujitafutia risasi. Kulikuwa na vijiti tu vya kuokota ndani, vya kuwasha moto wa dakika mbili. Kwa hiyo watu waliloweka mahindi wakayatafuna hivyo hivyo, mabichi.

Hebu fikiria mtu aliyekua kwa maziwa na samli, leo unampa hiyo!

"Hiki ni chakula cha punda," Khadijo alisema.

Lakini njaa haikumsikiliza. Alikuwa na mtoto mchanga, Olow, ambaye hata jino la kutafunia hakuwa nalo. Kifua cha mama yake kikakauka. Khadijo, na kiburi chake chote, akaenda hadi mlango wa mke mwenzake.

"Una tone lolote la maziwa? Popote ulipolificha?"

"Walahi sina, abaayo. Ningekuwa nalo ungekuta nimekuja mimi."

Olow akafa. Akazikwa ndani ya uzio, kwa sababu hata maiti ilihitaji ruhusa ya kutoka.

Akabaki Kaaha. Msichana wa miaka mitano, mtundu, mwenye mdomo. Naye akaanza kuvimba miguu. Nywele zikageuka rangi ya kutu. Ukimkalisha, anakaa. Hachezi, halii. Ukimpa mahindi anafumba mdomo na kusema neno moja tu...

"Maziwa."

Usiku na mchana Khadijo alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: asizike wa pili.

Sasa niwaambieni Fatumo alikuwa nani. Mama yake alitoka kwa wakulima wa mtoni. Kwa wafugaji wa wakati ule hilo lilikuwa tusi tayari. Isitoshe, hakuwa amezaa. Na mle kijijini alikula majani ya kunde mabichi, aliyoyachuma walipopelekwa mtoni kuteka maji, mbele za watu, anatafuna bila haya, huku wenzake wanageuza uso. Kusema ukweli, alikuwa anatembea wima wakati wengine wanashika ukuta.

Siku moja akaja na kibakuli cha majani aliyoyatwanga na kunde zilizolowekwa.

"Mpe Kaaha."

Khadijo alikichukua kile kibakuli... akakimwaga mchangani!

"Mwanangu si mbuzi!"

"Anaisha huyu, abaayo. Angalia miguu yake."

"Wewe hujazaa. Unajua nini kuhusu mtoto?"

Fatumo aliinama, akaokota kunde moja moja kwenye mchanga, akazipuliza vumbi, akaenda zake.

Sasa sikilizeni maajabu.

Wiki zikapita... na Kaaha akaanza kupona! Miguu ikanywea. Macho yakarudi. Asubuhi moja alimcheka mama yake kwa sababu shuka lilimteleza. Khadijo akalia kwa furaha, akamkumbatia, akambusu mdomoni.

Akaganda.

Mdomo wa mtoto ulinukia moshi.

Niwaeleze ninyi wa bara. Kwetu kibuyu cha maziwa hakioshwi tu. Kinafukizwa kwa makaa ya mti wenye harufu nzuri, ndipo maziwa yanatiwa. Harufu ile haiendi na kitu kingine. Mfugaji akiisikia hata usingizini anajua: hapa kuna maziwa.

"Umekunywa nini?"

Kaaha akatazama chini.

"Nimekuuliza, umekunywa nini?"

"Maziwa."

"Ya nani?"

"Ya Eddo Fatumo."

Eddo, shangazi, ndivyo alivyomwita mke mwenza wa mama yake.

Khadijo akamwachia mtoto. Akakumbuka alivyomwona Fatumo ameinamia vijiti vyake, badala ya kupika anafukiza kibuyu. Alidhani ni upweke tu, mwanamke anakumbuka nyumbani. Kumbe!

Ana mbuzi. Muda wote huo alikuwa na mbuzi!

Na Olow wangu akafa huku Fatumo ananiapia kwa jina la Mungu!

Nakuuliza wewe unayesoma... ungefanya nini? Usijibu haraka.

Askari walipopita kukagua, sajini akauliza lile swali lake la kila siku. "Nani amemficha mnyama hapa?"

Na kidole kikanyooka.

Wakaingia kwa Fatumo kwa fujo. Mikeka ikaruka nje. Vyungu vikavunjika. Khadijo alisimama akisubiri kusikia mbuzi akilia.

Kimya.

Hakukuwa na mbuzi! Hata kinyesi cha mbuzi hakikuwepo.

Sajini akatoka na kibuyu mkono mmoja na kifuko cha kitambaa mkono wa pili. Kibuyu akakibwaga chini kikapasuka, na kilichokuwemo kikatiririka hadi kwenye miguu ya Khadijo. Cheupe. Kinanukia moshi.

Khadijo akachovya kidole, kile kile, akalamba.

Hayakuwa maziwa.

Sajini alikuwa amekifungua kifuko, mbegu zikimwagika. "Ufuta! Huu hatugawi hapa. Nani anakuletea chakula kutoka nje?"

Fatumo alikitazama kifuko tu.

"Au unawapelekea shifta?"

Ndipo Khadijo alipoitazama shingo ya Fatumo. Ilikuwa tupu. Zile shanga za kaharabu za marehemu mama yake, ambazo hakuwahi kuzivua hata siku ya harusi, hazikuwepo. Walipokuwa wakipelekwa mtoni kuteka maji, askari wakigeuka kidogo, Fatumo alikuwa anazibadilisha moja moja kwa ufuta wa wakulima.

Akauloweka. Akausaga kwa jiwe. Akauchuja kwa ncha ya shuka lake. Na ule moto wake wa dakika mbili akautumia kufukiza kibuyu, ili mtoto aliyekataa kila kitu adhani ni maziwa!

Khadijo akamrukia sajini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia ngozi sokoni, hata "pole" kwake ilikuwa "bole".

"Afande! Hakuna shifta! Hiyo ya mtoto! Mimi nasema uongo!"

"Saa hii umesema mbuzi. Sasa unasema hakuna. Mama, unacheza na serikali?"

"Uongo, afande! Chukua mimi! Bole, afande, bole!"

Akasukumwa akaanguka kwenye ule utope mweupe.

Fatumo alikuwa anafungwa mikono. Hakumlaani. Aliongea kwa Kisomali, harakaharaka, kama mtu anayemwachia mgeni nyumba.

"Khadijo, sikiliza. Loweka usiku kucha. Saga mpaka ulainike, chuja mara mbili. Fukiza kibuyu kwanza, usipofukiza hanywi."

"Nisamehe, abaayo! Nisamehe!"

"Wanawake wa mtoni wanakujua kwa sura. Asikose ya jioni."

Wakampandisha kwenye lori.

Hatujui alipelekwa wapi. Hakuna kaburi. Hakuna aliyewahi kuja kutuambia.

Jioni ile Khadijo alipiga magoti mchangani akakusanya mbegu zilizomwagika. Kesho yake, mtoni, akavua bangili zake za fedha akampa mwanamke mkulima. Yule mwanamke akauliza, "Yule mwenzako yuko wapi?" Khadijo akaufunga ufuta kwenye ncha ya shuka, akageuka. Na tangu siku hiyo alikula majani ya kunde, mabichi, ameketi mlangoni pa Fatumo ili kila mtu amwone.

Kaaha akaishi. Akaolewa, akatuzaa sisi sita.

Ayeeyo alipofika hapo Ijumaa, wali ulikuwa umepoa. Hata wale wajomba wa "mfungulieni geti" walikuwa wanaangalia mkeka.

Mama yangu ndiye aliyeongea. Taratibu.

"Hooyo, mama... mimi nilijua si maziwa."

Ayeeyo akageuka. "Nini?"

"Nilimwona akisaga. Na yalikuwa na chembechembe chini."

"Mbona ulisema maziwa?"

"Eddo aliniambia. Alisema, mama yako akiuliza, sema maziwa. Ukimwambia ni vitu vya shamba atayamwaga kama vile vingine, na wewe utakufa."

Mama akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Nikasema maziwa. Asubuhi ile ile wakamchukua. Hooyo, maisha yangu yote nimejua ni mimi niliyemuua."

Wueh!

Jameni... wanawake wawili. Nyumba moja, zaidi ya miaka hamsini, wanapikiana, wanaombeana dua. Kila mmoja amemficha mwenzake maiti ile ile!

Ayeeyo akamvuta mama kifuani kama mtoto wa miaka mitano, bibi wa themanini na bibi wa sitini, wakalia mpaka majirani wakaja kuuliza nani amefariki.

Najua mtaniuliza. Je, mtu anaweza kuishi bila nyama, bila maziwa, bila moto? Mimi si daktari. Nesi wetu wa mtaa anasema inawezekana ukijua unachokula, na kuna vitamini ya damu ambayo mimea haina, lazima uitafute, hasa kwa mtoto. Ninachokijua mimi ni hiki: mahindi matupu yalikikausha kifua alichonyonya Olow, ufuta ukambakisha mama yangu. Na kilichomuua Fatumo ni kibakuli kilichomwagwa mchangani. Kama ayeeyo angekipokea siku ile, hakuna mtu angehitaji kudanganya kwamba ni maziwa. Kwa hiyo mtu akikuletea chakula usichokijua, usimtukane yeye na kwao. Muulize kwanza kwa nini amekuja nacho.

Watu walipoanza kuondoka, ayeeyo alimwita Rukiyo.

"Lete hiyo chupa."

Akaonja kidogo. Akafumba macho kwa muda mrefu...

"Ni yenyewe," akasema. "Lakini haijafukizwa."

Akampa mama yangu. Mama akainywa yote, mpaka zile chembechembe za chini.