Kulala Hotelini Kisiwani Kwao

Walikutana wakigombana, na anayedhani kwamba walibadilika baadaye hawajui watu hawa.

Ilikuwa Jumamosi ya Septemba katika soko la Mtaa wa Kalidromiu, Athens, saa ile ambayo wauzaji wanateremsha bei kwa makelele na wanunuzi wanakanyagana miguu kwa vikapu vya magurudumu. Thekla alikuwa amevaa gauni la kitani la rangi ya haradali na miwani mikubwa myekundu, aliyojichagulia katika duka la miwani alilofanyia kazi. Alikishika kisanduku cha mwisho cha tini. Mkono mwingine, wenye grisi kwenye kucha, ukakishika upande wa pili.

"Achia," alisema Thekla.

"Nimekiona mimi kwanza, bibie."

"Kuona! Mimi nauza miwani, kaka. Nawajua wanaoona sana na hawanunui kitu."

Mwanamume akacheka hadi watu wakageuka. Aliitwa Iraklis, fundi wa lifti, mabega mapana, shati la buluu la kazini. Alilipa yeye, lakini kisanduku hakukiachia, na Thekla naye hakukiachia. Kufika saa nane mchana walikuwa wameketi kwenye ngazi za mtaa ule, kisanduku katikati, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwamba anachagua zilizoiva.

Miezi kumi ilipita hivyo, kwa utani na mabusu na simu za kila saa sita mchana. "Umekula, kipenzi?" "Nitakulaje na wewe hujaniudhi bado?" Thekla alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Aliwahi kuolewa miaka minane, akaachika. Baada ya talaka alikuwa na bwana mmoja kwa miaka miwili, na bwana huyo kila walipokutana na watu wake njiani alivuka barabara na kumwacha Thekla peke yake mbele ya dirisha la duka, akijifanya anatazama viatu. Siku alipomfukuza bwana huyo Thekla aliapa kwamba hatafichwa tena na mwanamume yeyote, hata awe malaika. Iraklis alikijua kiapo hicho. Aliambiwa mwezi wa kwanza, kwa maneno ambayo hayaandikiki.

Basi Julai wakaketi mezani jikoni kwa Thekla, feni ikizunguka, wakipanga likizo ya sikukuu ya Bikira Maria, tarehe kumi na tano Agosti, ambapo Athens yote hukimbilia visiwani.

"Twende kwenu, Kithno," alisema Thekla. "Ni karibu, na meli ni rahisi. Hatimaye nimwone mama yako."

Iraklis alikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari ya kukorogwa. "Mama hayupo, mpenzi. Nyumba haikaliki, wanabadilisha paa. Amekwenda kwa mama mdogo, Siro."

"Ai! Sikukuu nzima?"

"Nzima. Lakini kuna kihoteli pale Lutra, ufukweni. Vyumba tisa, bafu kama kabati, jokofu linakoroma kuliko mimi. Bei ya kimaskini. Piga simu wewe, andikisha kwa jina lako."

Thekla hakuona kitu. Watu wakipendwa huwa vipofu, hata wauza miwani. Alikuwa ameshaandika orodha: taulo mbili, kofia mbili za majani, dawa ya mbu, na lile vazi la kuogelea la kijani alilokuwa akiona haya kulivaa. Kesho yake asubuhi, dukani, kabla wateja hawajajaa, alipiga.

"Nataka chumba cha juu kinachotazama bahari, mama yangu. Siku tano. Watu wawili."

"Kipo kimoja tu, una bahati," alijibu Bi Flora, mwenye hoteli, kwa sauti ya sigara. "Majina?"

Thekla akataja lake. Kisha, kwa kuwa hakuwa na la kuficha, akataja na la mwenzake. "Iraklis Martinos."

"Martinos wa Driopida? Wa Marusó?"

"Huyohuyo. Unamjua mama yake?"

"Kama namjua? Namwona kila Jumapili kanisani! Binti, mbona sielewi. Marusó amepaka nyumba chokaa wiki iliyopita. Vyumba vitatu viko wazi. Mwanawe aje alale kwangu? Wamegombana?"

"Si wanabadilisha paa?" Thekla aliuliza, na tayari masikio yalikuwa yanamchemka.

"Paa gani? Jana nimekunywa kahawa chini ya paa hilo, na Marusó mwenyewe ndiye aliyeipika."

Thekla alishukuru, akaomba chumba kisiguswe, akaacha nambari yake. Kisha akavua koti jeupe la dukani, akalitupa kitini, na kumwambia mwenzake wa zamu kwamba anakwenda kuua mtu na atarudi kabla ya saa sita.

Iraklis alikuwa Pagrati, katika jengo la ghorofa sita, amesimama juu ya paa la lifti iliyokwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Thekla alipanda ngazi zote bila kupumua. Alipofika kwenye mlango wa lifti uliokuwa wazi aliziona nywele zake chini, na tochi.

"Iraklis!"

"Mpenzi? Unafanya nini huku? Rudi nyuma, ni hatari."

"Hatari yenyewe hujaiona bado! Mama mdogo hajambo huko Siro?"

Tochi ikazimika. Nadhani aliizima mwenyewe.

"Nani amekuambia?"

"Kwa hiyo ni kweli! Unatafuta aliyeniambia! Kwenu kuna vyumba vitatu vimepakwa chokaa, na mimi nikajifiche kwenye bafu kama kabati, upande wa pili wa kisiwa, kama bangi!"

"Thekla, punguza sauti, jengo zima linasikia."

"Lisikie! Nani mwingine nimpunguzie sauti maishani mwangu?"

Lilisikia kweli. Mlango wa jirani wa ghorofa ya nne ulifunguka, na mzee mmoja wa ghorofa ya sita aliyekuwa ameketi ngazini na tikiti maji mapajani alisema kwa heshima, "Mpige, dada, una haki. Ila amalize lifti kwanza."

Iraklis alipanda ngazi ya chuma mpaka kichwa chake kikafika kwenye miguu ya Thekla. Alikuwa na vumbi hadi kwenye kope.

"Sikiliza, roho yangu. Hujui kwetu kulivyo. Siku ya sikukuu mezani wanakaa watu ishirini, na kila mgeni anaulizwa mbele ya wote, wewe wa nani? Mwanamke akikaa meza ile ameshakuwa mchumba. Wataanza kuchimba. Umri, ukoo, uliolewa na nani, mkaachana kwa nini. Mama hajui kama uliwahi kuolewa. Nilitaka kukukinga tu."

"Ulitaka kunikinga mimi au kujikinga wewe?"

Thekla alisubiri. Laiti Iraklis angesema lolote wakati ule, hata la kijinga, huenda hadithi ingeishia pale ngazini. Hakusema, na jibu hilo lilimuuma Thekla kuliko uongo wenyewe.

"Mimi sina aibu yoyote, Iraklis. Niliolewa kanisani, nikaachika mahakamani, mchana kweupe kote kuwili. Mwenye aibu ni wewe. Nenda kale mbuzi na mama yako."

Akateremka. Alilia kuanzia ghorofa ya pili, akanyamaza alipofika barabarani, akarudi kazini kabla ya saa sita kama alivyoahidi.

Simu za Iraklis hakuzipokea. Kumi na moja siku ya kwanza, tisa ya pili. Jumbe alizifuta bila kuzisoma, ila moja iliyosema *nimekosa, mboni yangu*, na hiyo aliisoma mara nne ndipo akaifuta kwa hasira zaidi.

Siku ya tatu ikapiga nambari asiyoijua.

"Wewe ndiye Thekla?" Sauti ya mwanamke mzima, kavu. "Mimi ni Marusó, mama yake Iraklis. Flora amenieleza. Niambie, nyumba yangu ina uchafu gani?"

"Samahani, mama?"

"Mwanangu alale hotelini kisiwani kwake! Tangu kisiwa hiki kiumbwe nani amefanya hivyo? Watu wananitazama kana kwamba nimemfukuza. Wewe mwanamke wa mjini, vyumba vyangu havikutoshi?"

Hapo Thekla, aliyekuwa ameibana hasira siku tatu, akapata wa kummwagia.

"Bi Marusó, tuheshimiane! Mimi nilijua huna hata paa! Mwanao aliniambia nyumba imefumuliwa na wewe uko Siro!"

"Paa langu? Alisema hivyo juu ya paa langu?"

"Amesema. Na unajua kwa nini? Kwa sababu nina miaka arobaini na mmoja, yeye thelathini na minane. Kwa sababu niliolewa nikaachika. Haya, sasa umejua. Kata simu ukipenda."

Bi Marusó hakukata. Jogoo alisikika nyuma yake, na kijiko kikigonga sufuria.

"Uliolewa kanisani?"

"Kanisani."

"Basi sijafurahi," alisema Bi Marusó. "Siwezi kusema uongo, mmoja kwenye ukoo anatosha. Sijafurahi hata kidogo. Lakini nikikukataa nitakukataa mezani kwangu, uso kwa uso, ukiwa umeshiba. Si kwa kufichwa kwa Flora. Njoo tarehe kumi na tano."

"Nitakuja kisiwani," alisema Thekla. "Lakini nalala hotelini, kwa jina langu. Na kwako siji kwa miguu yangu. Aliyenificha aje anichukue."

"Una kichwa kigumu."

"Ndiyo, mama."

"Hm," alisema Bi Marusó, na sasa ndipo akakata.

Thekla alipanda meli tarehe kumi na tatu, peke yake, miongoni mwa watoto, mbwa na magodoro ya kambi. Chumba kilikuwa kama alivyoambiwa: jokofu lilikoroma, na bafuni ilibidi atoke ili ageuke. Bahari ilionekana yote dirishani. Alivaa vazi la kijani, akaogelea, na kila aliyempita ufukweni alimsalimu kwa jina. Bi Flora alikuwa amefanya kazi yake.

Tarehe kumi na nne, jua likiwaka, Iraklis alikuja kwa mlango wa nyuma, kupitia jikoni.

"Thekla, tafadhali. Dakika mbili tu."

Thekla alikuwa ameketi anamenya pichi, na hakuinua macho. "Mlango huo ni wa kuingizia samaki. Ukinitaka, mbele kuna mlango pia."

Akaondoka. Bi Flora akatikisa kichwa. "Utampoteza, binti."

"Kama anapotea kwa kuambiwa apite mbele, na apotee."

Kesho yake, baada ya ibada, mkahawa wa ufukweni, mbele ya hoteli, ulikuwa umejaa. Iraklis alitokea mwisho wa barabara kwa miguu, shati jeupe limepigwa pasi kali ambayo bila shaka ilikuwa ya mama yake. Alipita meza moja baada ya nyingine. Wazee waliacha kete zao. Mmoja aliita, "We Iraklis, unamtafuta nani kwa Flora?" Jasho likamtiririka, lakini alijibu kwa sauti: "Mgeni wetu." Thekla, kibarazani, amevaa gauni la haradali, alisikia. Aliteremka. Mkono hakumpa.

"Bado nimekasirika."

"Najua."

"Mgeni wenu, eti!"

Iraklis alitangulia njiani, na hawakusemeshana hadi kijijini Driopida.

Uani kwa Bi Marusó meza tatu zilikuwa zimeunganishwa, mbuzi katoka tanuri, divai imemiminwa, watu kama ishirini hivi. Bi Marusó, mfupi, gauni jeusi, alimtazama Thekla kuanzia miwani hadi viatu. "Kaa," alisema, akamwonyesha kiti, bila tabasamu. Thekla hajakaa vizuri, shangazi mmoja wa mwisho wa meza, mwenye masikio mazito na sauti ya kuitia mbuzi, akauliza:

"Wewe, binti, wa nani?"

Uma zote zikasimama. Thekla alikuwa na jibu lake, kali, tayari ulimini. Alilimeza. Akamgeukia Iraklis na kumtazama tu.

Iraklis alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake.

"Anaitwa Thekla. Alikuwa na mume, wakaachana. Amenizidi miaka mitatu. Nilimwonea aibu mbele yenu, nikamdanganya kwamba nyumba hii haina paa. Aibu ni yangu, na nyote muisikie leo. Nimemwomba nimuoe na bado hajanijibu."

Bi Marusó alitazama sahani yake.

"Sijakujibu kwa sababu hujaniomba!" Thekla alifoka. "Hata hapa unadanganya!"

"Nilikuwa nataka..."

"Omba sasa, basi!"

"Hapa?"

"Hapa! Mbele ya hawahawa!"

Iraklis alizunguka meza, akigonga magoti ya watu, mpaka akamfikia. "Thekla, nikuoe?"

"Ndiyo," alisema kwa sauti ileile aliyomfokea nayo ngazini, huku machozi yakimtiririka chini ya miwani. "Ndiyo, mpumbavu wewe. Ndiyo!"

"Amesema nini?" aliuliza shangazi.

"Amesema ndiyo!" Bi Marusó alimjibu kwa ukali, akachukua kipande kikubwa kuliko vyote cha mbuzi na kukitia kwenye sahani ya Thekla. "Haya, kula. Mimi bado sijafurahi."