Mke wa Mume Wangu Kwenye Runinga

Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025. Jioni hiyo mume wangu alimwita mwanamke mwingine mke wake, mbele ya Doha nzima!

Ndugu msomaji, usicheke. Nilikuwa saluni kwa Shamira, hapa Al Mansoura, nusu ya nywele imesukwa, nusu imesimama...

Runingani kilikuwa kipindi cha Dominiko, mume wangu. Vichekesho, nyimbo na ngoma, moja kwa moja kutoka studio ya mtaa wa Abu Hamour. Stesheni ile haikuwahi kumpa mtu mweusi kipindi chake mwenyewe. Yeye ndiye wa kwanza, aliyekuwa mlinzi wa lango la hoteli!

Mimi sikuwa nimewahi kukitazama. Ijumaa ni siku ya darasa langu la watu wazima. Siku hiyo mwalimu aliugua.

Dominiko akanyoosha mkono kuelekea mstari wa mbele.

"Mke wangu yule pale! Mpigieni makofi!"

Kamera ikageuka... Msichana! Gauni jekundu, anapunga mkono kama malkia!

"Ai, Mama Cheryl," Shamira akasema, "kumbe mko wawili?"

"Maliza nywele."

"Nimalize nini? Bwana anachukuliwa hivi hivi, nawe unataka rasta?"

Saluni nzima ikaangua kicheko.

Nikafunga kitambaa juu ya kichwa kile cha nusu, nikapanda teksi. Nililichukia gauni lile. Niliyachukia meno yale ya kutabasamu. Nikakumbuka kwamba kila Ijumaa Dominiko hurudi akiimba... Kumbe! Nikaapa: kesho anikatie tiketi, nirudi Busia kwa mtoto wangu Cheryl. Ndoa imekwisha!

Nilifika kipindi hakijaisha. Nikaenda moja kwa moja hadi mstari wa mbele.

"Wewe! Achana na mume wangu!"

Msichana akaruka. "Wewe ndiye Mama Cheryl?"

"Ndimi!"

"Asante Mungu! Kaa basi, mama. Mimi ni Virginia, kazi yangu hapa ni kujaza viti vitupu. Kamera haitaki kuona pengo. Hiki ni chako."

"Changu?"

"Alikuombea kiti hiki tangu siku ya kwanza. Kila Ijumaa anakisalimia. Taa zile zinampofusha, haoni aliyekaa."

Ni kweli aliniambia, tena na tena: "Njoo, nimekuwekea kiti." Nami nilimjibu, "Mimi si mtu wa vichekesho. Nina darasa."

Nikaketi. Kiti kilikuwa bado na joto la Virginia.

Dominiko akaja kuaga watazamaji. "Na wewe, mke wangu, usiku mwema!"

"Nakusikia, Baba Cheryl!"

Akanyamaza. Kamera ikanigeukia, kitambaa kikaanguka, Doha nzima ikakiona kichwa changu cha nusu! Watu wakacheka mpaka wakainama. Walidhani hata kimya cha Dominiko ni kichekesho. Mimi peke yangu nilijua kwamba analia.

Dada yangu, pale ulipowekewa nafasi, nenda ukae. Usipokwenda, mwingine ataambiwa akae, wala hatakuwa na kosa.

Mtumie hii mwenzako ambaye kiti chake bado kinamsubiri.