Fataki Zilizolala Bapa

Royce Haugen alikuwa amelala chali nyuma ya meza ya kulengea shabaha. Bunduki yake ilikuwa imepasuka kwenye chemba na bolti, kile chuma cha kufungia risasi ndani, imemwingia chini ya jicho. Wanaklabu wote walisema ni ajali.

"Mimi ndiye niliyempimia baruti," Nadine, mkewe, alimwambia Inspekta Marlys Tveit huku akilia. "Kila Jumapili akijaza risasi nyumbani, namsomea mizani. Nimemuua mume wangu, Marlys."

Watu walikuwa wameshaanza kunong'ona hivyo hivyo. Inspekta alikasirika. Nadine hakuwa mtu wa kupima ovyo.

Aliinama akaokota maganda ya risasi zilizotangulia. Kama karibu kila mwindaji wa Montana, naye alijijazia risasi nyumbani, hivyo aliyaelewa upesi. Fataki, vile vifuniko vidogo vya kuwashia baruti, zilikuwa zimelala bapa kwenye vitako vya maganda. Presha ya baruti ndani ya bunduki ilikuwa imepanda mno tangu risasi za mwanzo.

"Royce aliziona hizi?"

"Aliona kama hizi wiki iliyopita. Bolti ilikuwa ngumu, akawa anaigonga kwa kiganja. Tukakagua mizani, tukasafisha mtutu, tukapima maganda. Kila kitu sawa. Ndipo akampigia Orville."

Orville Stenerud alikuwa mwalimu wa klabu, na kila mwenye tatizo la risasi alikimbilia kwake. Ndiye pia aliyempa Royce kopo la baruti. Maabara ya polisi ililipima: baruti ile ilikuwa imechanganywa na aina nyingine, inayowaka kasi mno kwa bunduki ya kuwindia.

Inspekta alimkuta Orville jikoni kwake, anakunywa kahawa.

"Karibu, binti. Umekuja kwa habari za Royce? Maskini. Na Nadine naye, macho yale yalivyovimba kwa kulia!"

"Mzee Orville, mtu akiona fataki bapa, unamwambiaje?"

"Aache kupiga. Afungue risasi zote, amwage baruti. Hata mtoto anajua."

"Royce ulimwambia nini?"

Mzee alikoroga kahawa.

"Nadine alisikia kila neno. Ulimwambia akate tu shingo za maganda zipungue urefu, aendelee kupiga."

"Simu za siku hizi hazisikiki vizuri."

"Usinichezee! Mimi umenifundisha wewe. Niliona fataki moja tu imelala bapa, ukaninyang'anya boksi zima, ukanifokea mpaka nikalia. Kwa nini yeye aendelee?"

Mzee akakisukuma kikombe pembeni.

"Kwa sababu ya Kip."

Kip alikuwa mwanawe wa pekee. Royce alimpiga risasi msituni akamuua, akidhani ni kulungu. Mahakama ikasema ni ajali, na Orville akamkumbatia Royce kanisani.

"Nilimsamehe mbele yenu, mkapiga makofi. Msimu uliofuata huyo karudi msituni, Marlys! Akaniletea na nyama! Kasimama mlangoni pangu, anatabasamu."

"Na Nadine? Ungemwacha aamini kwamba ameua?"

"Mke wangu aliamini hivyo mpaka akafa. Ndiye aliyefua fulana ya Kip ya kuwindia, ile ya rangi ya chungwa ya kuonekana na wawindaji wengine, akaisahau kwenye kamba, Kip akaenda bila hiyo. Nani alikwenda kumfuta machozi?"

Inspekta akatoa pingu. Alimchukia mzee yule, na alimwonea huruma, na hakujua lipi lilizidi.

Orville akanyoosha mikono bila kuambiwa.

"Bunduki ilimwonya Royce kila alipofyatua," alisema. "Kip wangu hakuonywa."